Sura ya Sita: Nukta Mbili Kando ya Betri

"Usiibane sana," Darubini alisema. "Kaseti si kopo la maziwa."

Inspekta alilegeza mkono. Kaseti ya gemu ililala kifudifudi juu ya kitambaa cheupe, plastiki yake ya kijivu, ukubwa wake wa kujaza kiganja. Skrubu zake zilikuwa na vichwa vya ajabu, vyenye vijino kama ua, ambavyo bisibisi ya kawaida huteleza juu yake bila kufanya kitu. Darubini alikuwa na bisibisi yake maalumu na hakumwazima mtu. Ndiye aliyekuwa mtaalamu wa maabara pale polisi. Jina hilo alipewa kwa sababu ya darubini ya mezani kwake, ambayo hata mkuu wa kituo aliomba ruhusa kabla ya kuichungulia.

"Zimebaki ngapi?" aliuliza.

"Hizi za kwenye trei tu."

"Na zote za yule muuzaji wa sokoni?"

"Zote. Anaziuza kama za zamani, za asili kabisa. Zilimfikia baada ya fundi kupotea, na anadai hajui zinakotoka. Zilizokuja kabla yake sizitaki."

Hilo lilikuwa wazo la Inspekta, na pale kituoni hakuna aliyelipenda. Fundi wa gemu za zamani, mume wa mtu na baba wa mtoto mmoja, alikuwa ametoweka wiki kadhaa zilizopita. Kibanda chake kilikutwa wazi, kufuli zima, pasi ya kulehemu imepoa mezani. Kilichokosekana ni yeye mwenyewe na mfuko wa chipu alizokuwa akizinyofoa kwenye mashine mbovu. Asubuhi yake mke wake alipata ujumbe kutoka kwenye simu ya mumewe: Nimeamua kuanza upya. Usinitafute. Simu ikazimwa. Mkuu wa kituo aliusoma ujumbe ule, akacheka kidogo, akasema mwanamume aliyetoroka hatafutwi, husubiriwa. Mtaa nao ulikuwa umeshamtafutia fundi mwanamke wa kutoroka naye. Wengine walijua mpaka rangi ya gauni lake.

"Fundi anaweza kuacha mke, afande," Inspekta alimjibu Mkuu. "Pasi yake haachi. Aliyechukua chipu akaacha pasi ni mtu anayejua bei ya chipu tu. Na chipu hazifugwi ndani. Zitatokea mahali."

Ndiyo maana zilikuwa hapa, kwenye trei.

Darubini alifungua ya kwanza. Ndani mlikuwa na kipande kidogo cha saketi, na katikati yake tone la gundi nyeusi lililokauka.

"Kinyesi cha mbuzi," alisema. "Ndivyo ninavyoliita. Chipu imezikwa chini yake ili usisome jina. Hii ni bandia ya kiwandani, imetoka mbali. Haikuhusu."

Ya pili ilikuwa ya asili kweli. Saketi yake ya kijani ilikuwa imefifia kama shuka la zamani, na mgongoni mwa kila chipu mwaka wa kutengenezwa ulisomeka bila shida. Hata lehemu yake ilikuwa imepauka. Darubini aliifunga akaiweka kando kwa heshima.

Ya tatu ilimfanya asogeze kiti.

"Haya. Saketi mpya, ya juzi tu. Chipu za zamani. Ona, maandishi yamekwanguliwa kwa msasa. Na miguu ya chipu imewahi kulehemiwa mahali pengine, ona masalia kwenye magoti. Mtu anachukua viungo vya maiti anatengeneza mtu mpya."

"Chipu za kwenye mfuko wa fundi?"

"Zinaweza kuwa. Zinaweza zisiwe. Mimi sisemi kitu ambacho darubini haijasema."

Inspekta aliinama kwenye lenzi. Aliangalia chipu, akaangalia betri, kidonge cha fedha kilichokaa pembeni, kisha akabaki hapo.

"Hizi nukta mbili za nini?"

"Zipi?"

"Hapa. Kando ya betri. Matone mawili ya lehemu, hayajashika kitu."

Darubini alichungulia. "Uzembe. Mkono umetetemeka, lehemu imedondoka."

"Fungua nyingine."

Alifungua. Saketi mpya, chipu za zamani, na kando ya betri nukta mbili. Alifungua nyingine, na nyingine. Nukta zilikuwa pale pale, moja upande wa chanya, moja upande wa hasi, ndogo kama mbegu za mchicha.

"Mkono unaotetemeka," Inspekta alisema, "unatetemeka mahali pamoja kila siku?"

Darubini alivua miwani akaifuta, na kwa mara ya kwanza tangu Inspekta amfahamu, akamsukumia ile bisibisi.

"Nenda nayo," alisema. "Ukiipoteza, usirudi."

*

Mama Chiriku, mke wa fundi, alikuwa anakunja nguo za mtoto kitandani, na nusu ya nguo alizokunja mtoto alikuwa anazikunjua. Chiriku alikuwa na umri wa kuuliza kila kitu na kutosubiri jibu; jina lake la utani lilimkaa sawasawa.

"Wewe ni polisi wa kike?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Umemleta baba?"

"Chiriku, nenda kawaangalie wenzako," mama yake alisema kwa upole. Mtoto alikimbilia kwenye kona, ambako boksi la katoni liliwekwa chini ya taa. Sauti nyembamba zilipanda kumpokea.

"Vifaranga?" Inspekta aliuliza.

"Wa shemeji, mdogo wake baba yake. Ana mashine za kutotolesha kule nyuma ya ghala la saruji. Tangu haya yatokee kila wiki anapita na boksi. Wengine wanakufa, anatuletea wengine. Anasema mtoto asikae na mawazo." Alinyoosha kigauni kwenye goti lake. "Ndugu wote walikuja siku ya kwanza. Yeye peke yake ndiye anarudi. Anampiga mtoto picha na vifaranga, anasema anampelekea shangazi yao aone tunaendelea vizuri."

"Na mnaendelea vizuri?"

"Kwenye picha, ndiyo."

Inspekta alitoa ile bisibisi. "Mama Chiriku, unayo kaseti yoyote aliyotengeneza mumeo kwa mkono wake?"

Mwanamke alivuta droo ya chini na kutoa kaseti iliyofungwa kwenye soksi ya mtoto mchanga.

"Hii ndiyo iliyonipeleka kwake," alisema. "Ilikuwa ya kwangu tangu utoto. Betri ilikuwa inakufa. Nilipeleka kaseti, nikarudi na mchumba." Alicheka kidogo, kicheko kikakatika njiani. "Utaifungua?"

"Sitagusa betri. Nitatazama tu."

"Mchezo wangu wote uko humo. Na wa Chiriku, kidogo."

"Sitagusa betri."

Skrubu zilitoka bila ubishi. Zilikuwa zimezoea kutolewa. Inspekta aliinua kifuniko. Saketi ilikuwa ya zamani, ya asili, safi kama sahani iliyokaushwa kwa kitambaa. Kando ya betri zilikuwepo nukta mbili za lehemu.

"Hizi," alisema. "Niambie habari yake."

Mama Chiriku hakuhitaji kusogea. "Hizo ndizo kazi yake. Betri ndiyo inashika kumbukumbu. Ukiitoa, kila ulichowahi kucheza kinafutika. Mafundi wengine wote waliniambia, dada, chagua moja, betri mpya au mchezo wako. Yeye akasema hapana, hakuna kitakachopotea. Akaunga betri ya pili pembeni kwa nyaya mbili, halafu ndiyo akaing'oa ya zamani. Kama unavyomhamisha mtoto aliyelala kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine, hajui hata kama ameshushwa. Akimaliza anatoa nyaya. Zinabaki hizo alama."

"Anafanya hivyo kwa kila kaseti?"

"Kila yenye mchezo wa mtu ndani. Hata mteja asipoomba."

"Na kama haina mchezo wa mtu? Kaseti mpya, haijawahi kuchezwa?"

"Ya nini sasa? Hakuna cha kulinda."

Inspekta aliigeuza saketi kwenye mwanga. "Safi sana."

"Mume wangu?" Macho yake yalilainika. "Ile dawa ya kulainishia lehemu, wao wanaiita ulimbo maana inanata. Mafundi wengi wanaiacha ikauke hapo hapo. Yeye hapana. Anasugua kwa spiriti na mswaki mpaka saketi ing'ae. Nilikuwa namwambia, vyombo vya jikoni ungevisugua hivi, ningeolewa na wewe mara ya pili."

Inspekta alifunga kaseti, akairudisha kwenye soksi yake, akaiweka kwenye kiganja cha mwenyewe.

"Afande," Mama Chiriku alisema. "Watu wanasema yuko na mwanamke."

"Nimesikia."

"Wewe unasemaje?"

"Nasema bado sijamaliza kufungua kaseti."

*

"Hazijawahi kuchezwa," Darubini alithibitisha, akiinamisha saketi ili mwanga upite kwenye meno yake ya dhahabu, yale yanayoingia kwenye mashine. "Kaseti ikichomekwa hata mara moja, meno yanabaki na mikwaruzo. Haya yamelala kama meno ya mtoto. Mchezo wa mtu haumo."

"Basi alikuwa analinda nini?"

"Nani?"

"Fundi. Hizi nukta ni zake, mke wake kazitambua kabla sijamaliza swali. Anaziweka pale anapookoa kumbukumbu. Hapa hapakuwa na kumbukumbu ya kuokoa, na bado kaziweka, kwenye kila moja."

Koplo, msaidizi wake, alikuwa amesimama mlangoni na chai. "Mazoea, afande. Mimi mke wangu akisafiri bado naandaa sahani mbili."

"Fundi wa aina hii halehemu kwa mazoea. Lehemu ina gharama, na muda nao una gharama." Inspekta alivuta taa. "Mtu akiweka kitu mahali ambapo hakihitajiki, anataka kuulizwa kwa nini. Anabisha hodi. Inua betri."

Darubini alipasha pasi moto. Aligusa mguu mmoja wa betri, lehemu ikayeyuka na kung'aa. Akagusa wa pili. Akaiinua betri kwa kibanio polepole, kama anayefunua kidonda. Kisha akasogea kwenye darubini, akachungulia.

"Njoo uone mwenyewe."

Saketi yote ilikuwa imesuguliwa, hakuna hata alama ya kidole. Lakini pale betri ilipokuwa imelala, ulimbo ulikuwa umeachwa mzima, wa kahawia, umekauka kama asali ya zamani. Ndani yake kulikuwa na nyuzi. Inspekta aligeuza kitufe cha lenzi na nyuzi zikawa manyoya, laini mno, ya njano, yamelazwa moja kando ya jingine.

"Fungua nyingine."

Ya pili ilikuwa hivyo hivyo, na ya tatu.

"Ni manyoya ya kuku," Koplo alisema, ameshika bega la kiti cha Darubini bila kuomba ruhusa. "Afande, tumempata. Jirani wa yule muuzaji wa kaseti pale sokoni ni muuza kuku. Manyoya yanaruka mpaka kwenye chai za watu. Muuzaji anazitengeneza kaseti mwenyewe, hapo hapo mezani. Nikamkamate?"

"Ungeyaona manyoya yakiruka, yangekaa wapi?"

"Popote."

"Kila mahali kwenye saketi. Uchafu hauchagui mahali pa kukaa. Huu umechagua. Umekaa chini ya betri tu, na umejipanga mstari." Inspekta alisimama. "Na kuku wa sokoni ni wakubwa. Hili si nyoya la kuku mkubwa. Hili ni la kifaranga aliyetoka kwenye yai jana."

Darubini aliikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Hapo pananisumbua. Betri kama hii inadumu miaka kumi na zaidi. Hakuna anayeiinua mpaka ife. Kama asingetia zile nukta, nani angetazama chini yake? Mtu anazika neno mahali ambapo litasomwa mtoto wake akiwa anaolewa. Si angeandika tu, nisaidieni?"

"Kuna mtu anakagua kila saketi kabla haijafungwa. Anajua kusoma. Anajua na kazi kidogo, kiasi cha kutambua chipu iliyokaa vibaya. Lakini hajui kiasi cha kuuliza nukta za nini."

"Na kwa nini asitoroke? Kama yuko mahali mikono yake iko huru, pasi ya moto iko mkononi?"

Inspekta alikuwa anaangalia manyoya yale kwenye lenzi, na alipoinua uso, Koplo aliweka kikombe chini.

"Kifaranga wa siku moja anapatikana wapi?" Inspekta aliuliza.

"Kwenye mashine za kutotolesha, afande."

"Nitafutie namba ya shangazi yake fundi."

Shangazi alipokea simu kwa sauti ya mtu anayeamini kwamba anayepiga yuko ng'ambo ya mto. Ndiyo, yeye ndiye shangazi. Ndiyo, habari za kijana wake zimemvunja mgongo. Mdogo wake fundi? Hajamwona tangu siku ile ya kwanza.

"Picha za mtoto anazokutumia zinafika, shangazi?"

"Picha gani, mwanangu? Simu yangu ni ya tochi. Inamulika chooni, inapiga kelele, basi. Picha itaingilia wapi?"

Inspekta alimshukuru, akakata. Darubini na Koplo walikuwa wanamtazama.

"Ndiyo sababu hatoroki," alisema. "Hakufungwa mnyororo. Anaonyeshwa picha. Kila wiki mdogo wake anakwenda nyumbani, anasimama hatua chache kutoka kwa mtoto, anapiga picha, anarudi kumwonyesha. Hana haja ya kusema neno. Vile vifaranga si zawadi kwa mtoto. Ni kamba ya baba yake."

Koplo alitukana taratibu, kwa lugha ya kwao.

*

Mkuu wa kituo alisikiliza akiwa amesimama, mkono kwenye kitasa, kama mtu aliyekuwa anatoka.

"Una manyoya," alisema.

"Nina manyoya, afande. Na nukta. Na picha zisizomfikia anayedaiwa kutumiwa."

"Nikimvamia mfugaji wa kuku kwa ajili ya manyoya, kesho nitakuwa kichekesho cha mkoa."

"Nimempeleka Koplo akanunue vifaranga pale, kama mteja. Kuna mlinzi kwenye chumba cha nyuma. Ghala la vifaranga, afande, na mlinzi halindi mlango wa mbele penye fedha. Analinda chumba cha nyuma. Na bomba dogo la moshi linatokea dirishani. Koplo anasema harufu yake ni ya ulimbo ulioungua, hakukosea. Ameshinda na Darubini juzi yote."

Mkuu aliachia kitasa. "Unataka nini?"

"Watu wa pande mbili. Mdogo wake fundi anakwenda kwa shemeji yake leo mchana. Tukivunja mlango wa ghala kwanza, mlinzi atampigia simu, naye atakuwa amemshika mtoto mkononi. Tukimkamata barabarani na akakosa kurudi, hatujui mlinzi ameambiwa afanye nini. Simu yake kwanza. Mlango baadaye."

"Na kama umekosea?"

"Nitakuwa kichekesho mimi, afande. Wewe utakuwa hujui."

Mkuu alishika kitasa tena. "Chukua watu," alisema. "Na hilo la mwisho sijalisikia."

*

Mama Chiriku aliambiwa yote mchana huo, jikoni, mtoto akiwa ameshapelekwa kwa jirani na boksi lake la vifaranga. Hakulia. Aliendelea kuosha sufuria moja iliyokwisha kutakata.

"Nimempikia," alisema. "Kila wiki. Nimemwekea na cha kubeba."

"Utaweza kukaa naye kidogo tu?"

"Mume wangu alikula kile cha kubeba?"

"Sijui, dada."

"Nitakaa naye," Mama Chiriku alisema.

Inspekta alivaa gauni la nyumbani la mwenyeji wake, akajifunga kitambaa kichwani, akakaa sebuleni na beseni la nguo za mtoto. Askari wawili walikuwa chumbani, wamekaa juu ya kitanda kama wageni wa harusi, hawathubutu kujigeuza kwa sababu ya chaga zinazolia.

Alikuja na sauti ya vifaranga ikimtangulia. Kijana nadhifu, shati limepigwa pasi, boksi lenye matundu limekumbatiwa kifuani. Alifanana na kaka yake wa kwenye picha ya ukutani, ila huyu alitabasamu kwa urahisi zaidi.

"Hodi shemeji."

"Karibu, shemeji. Umechelewa leo."

"Jua, shemeji. Hawa wanataka kubebwa kama mayai." Macho yalitua kwa Inspekta. "Tuna mgeni?"

"Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Amekuja kunisaidia."

"Vizuri, vizuri. Usimwache peke yake shemeji yangu, dada. Upweke ni mbaya." Aliweka boksi chini, akatoa simu, akaigusa na kuiinua. "Chiriku wangu yuko wapi? Leo nimemletea mwenye madoa."

"Amelala kwa jirani," Mama Chiriku alisema. Sauti yake ilisimama vizuri. "Meno yanamsumbua. Sikutaka kumwamsha."

"Mwamshe kidogo tu. Picha moja. Shangazi anasubiri."

"Atalia."

"Hata akilia. Nataka amwone." Alisita. "Shangazi, namaanisha. Shangazi amwone."

Inspekta aliinuka, akakausha mikono kwenye gauni, akachukua kifaranga mmoja kwenye boksi. Alimshika vizuri, kidole gumba kwenye kifua, kama anayejua.

"Mtoto hayupo," alisema. "Nipige mimi."

Kijana alicheka. "Wewe wa nini, dada? Shangazi hakufahamu."

"Shangazi ana simu ya tochi. Nipige mimi, umwonyeshe kaka yako. Mwambie huyu ndiye aliyeinua betri."

Tabasamu halikutoka usoni mwake. Lilibaki hapo likiwa halina kazi. Dole gumba lilianza kutembea juu ya kioo cha simu, likitafuta jina. Inspekta alikuwa karibu zaidi kuliko alivyodhani. Aliishika simu ile kutoka juu, kama mtu anayempokonya mtoto kisu, bila haraka na bila kumwachia, na mlango wa chumbani ukafunguka nyuma yake.

"Ni ugomvi wa kifamilia," kijana alisema wakati wanamfunga pingu. "Muulizeni mwenyewe. Alikubali. Hakuna aliyempiga."

"Tutamuuliza."

"Shemeji, mimi nimewalisha hapa. Nani mwingine alikuja? Semeni nani."

Mama Chiriku alimtazama. Aliinama kumwokota kifaranga mwenye madoa aliyekuwa amerukia sakafuni. Kwenye mkono wa shati lile lililonyooshwa vizuri, unyoya wa njano ulikuwa umenasa kwenye kifungo.

Inspekta alipiga simu. "Ingieni," alisema.

Hakuna aliyekaa. Mashine za kutotolesha zilisikika kwenye simu zikivuma, na juu ya mvumo huo viatu, mlango, mtu anaamrishwa alale chini. Kisha hapakusikika mtu kabisa, mvumo tu. Mama Chiriku alikuwa amemkumbatia kifaranga kwa mikono miwili na kifaranga alikuwa amenyamaza pia.

"Afande." Ilikuwa sauti ya Koplo, ya chini kuliko kawaida yake. "Chumba cha nyuma. Amekonda. Hataki kuacha pasi, amesema mpaka amsikie mke wake."

Inspekta alimpa simu.

Mama Chiriku aliisogeza sikioni. Alisikiliza pumzi za upande ule, na alionekana kuzitambua.

"Baba Chiriku," alisema. "Mbona kazi yako siku hizi chafu hivyo? Nani kakufundisha kuacha ulimbo chini ya betri?"

Upande wa pili kitu cha chuma kiliwekwa mezani. Kisha mtu alianza kucheka, au kulia; simu ya Koplo ilikuwa mbovu, haikuwa rahisi kujua.